Eti Dada Alimpa Mkono Baba Mkwe

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari yangu ni fupi. Dada yangu Ferista, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, alikutwa amekufa kwenye njia ya shamba la kahawa la wakwe zake, huko milimani juu ya Itumba. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya dawa ya wadudu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Polisi wakasema amejiua.

Kanisa liliposikia neno hilo likakaa pembeni. Tulimzika bila kengele, bila kwaya, bila mchungaji. Mama aliuliza kama tunaweza hata kuweka msalaba. Wazee wa kanisa wakasema tusubiri jalada la polisi lifungwe, lisomeke limeandika nini.

Mumewe, shemeji Lusubilo, ni dereva wa malori. Siku ile alikuwa kwenye foleni upande wa Kongo. Alifika siku tatu baada ya mazishi, akakaa wiki nzima bila kusema zaidi ya kuomba maji, kisha tajiri wake akamrudisha barabarani.

Na niliwaeleza habari ya simu. Alhamisi, siku moja kabla ya kifo, Ferista alinipigia.

"Fides, nikija Tunduma Jumamosi nina neno na wewe. Siyo la kwenye simu."

Nikadhani ni mambo ya sare za harusi yangu. Nikamwambia asisahau kuniletea ndizi.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa dada yangu.

Sasa tuendelee.

Jumatano tuliitwa kituoni kusomewa matokeo ya uchunguzi. Tulikwenda watatu: mama, baba mdogo Nathanaeli, na mimi. Baba yetu ni marehemu siku nyingi. Mpelelezi alikuwa kijana mpole mwenye miezi minne tu mkoani kwetu. Alitupa viti, akatupa pole, akafungua jalada.

Mimi nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Najitolea masjala kwenye ofisi moja ya mjini, kazi yangu ni kuhakikisha karatasi inakaa panapotakiwa. Kwa hiyo wakati wenzangu wanalia, mimi nilikuwa na daftari, nanakili.

"Ushahidi mkubwa," akasema mpelelezi, "ni maelezo ya baba mkwe wa marehemu, mzee Ambilikile. Yana dole gumba lake. Nasoma: 'Asubuhi ya siku ya tukio marehemu aliingia sebuleni kwangu. Alinisalimia kwa kunipa mkono, tukaketi, tukanywa chai pamoja. Akaniambia, baba, nimechoka na maisha, naomba unisamehe. Akatoka. Sikumwona tena akiwa hai.'"

Mama alicheka.

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Baba mdogo akatazama dari kama mtu anayekagua mbao.

"Mama, pole sana," mpelelezi akasema. "Mleteeni maji."

"Rudia pale kwenye chai," mama akasema.

Kijana wa watu akarudia. Mama akacheka tena, kisha akaanza kulia, na mpelelezi akaandika kitu pembeni ya karatasi.

Msomaji wa mbali nimweleze. Kule alikoolewa dada, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wana ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Mkamwana haingii nyumba anamokaa baba mkwe, hamtazami, hamsalimii, hamtaji jina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia porini. Mzee Ambilikile naye alikuwa muungwana, kabla ya kukata kona yoyote alikohoa kama trekta linalogoma kuwaka, ili kumpa mkwewe nafasi. Siku moja Ferista alisikia kikohozi hicho akiwa na beseni la nguo kichwani, akaruka nalo kwenye kahawa, akashinda anafua upya.

Miaka sita ya ndoa. Alimjua mkwewe kwa kikohozi na kwa mkia wa koti. Uso hakuwahi kuuona. Sasa polisi wanasema walikunywa chai.

Tulipotoka nje nikamwambia baba mdogo kwamba hayo maelezo ni ya uongo.

"Wewe ni mtoto wa chuo," akasema. "Karatasi ya serikali unaibishia kwa mambo ya mila? Nimwambie afande kwamba mzee hanywi chai na mkamwana? Ataniuliza, basi anakunywa na nani?"

"Lakini baba mdogo, unajua kabisa kwamba..."

"Najua. Na najua nimechoka, na mama yako amechoka. Ijumaa saa kumi jioni tunarudi kusaini kwamba familia imeridhika, jalada linafungwa, marehemu anapumzika."

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, anafunga vizuri kitenge chake.

"Nathanaeli," akasema, "kama yule mzee ametamka maneno hayo kwa mdomo wake, mimi Ijumaa nitasaini. Kama hajayatamka, mkono wangu haugusi kalamu. Nani anakwenda kumuuliza?"

Tukatazamana. Mama miguu yake imevimba tangu msiba, hawezi ile milima. Baba mdogo akasema ana kikao. Lusubilo alikuwa Zambia ndani kabisa, simu haipatikani. Mzee mwenyewe hana simu, na hata angekuwa nayo, kule hakuna mtandao.

Nikabaki mimi. Mimi nikikanyagwa mguu naomba radhi mimi. Na isitoshe, mdogo wa mkamwana ni mkamwana. Yule mzee haruhusiwi kuniona na mimi siruhusiwi kumwona. Kati ya watu wote wa Mkoa wa Songwe, aliyetumwa kumhoji ni yule ambaye hawezi kumpa hata shikamoo.

Jioni nikamweleza mchumba wangu, Ombeni.

Ombeni ni wakala wa forodha hapo mpakani. Siyo mtu wa kwetu, alikuja na kazi kutoka kaskazini, na kila mtu nyumbani anampenda. Mama anamwita mwanangu. Kwenye mazishi hakuweza kuja, alibanwa na malori, lakini alituma rambirambi na turubai.

Nilimwambia tu kwamba kuna jambo nataka kumuuliza baba mkwe wa dada kabla ya Ijumaa. Akawaza kidogo.

"Nitakupeleka mwenyewe," akasema. "Siwezi kukuacha uhangaike na mabasi."

Alhamisi saa mbili asubuhi tukaondoka na Noah yake. Foleni ya malori ilikuwa imeanzia mpakani ikafika mbali kuliko kawaida, tukaipita pembezoni. Ombeni alikuwa mchangamfu. Alikunywa chupa nzima ya maji, akaanza ya pili.

"Sasa Bibi Masjala," akasema, ndivyo anavyoniita, "tukifika unaingia, unamuuliza, tunageuza. Nina magari mawili ya shaba yananisubiri."

"Siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

"Ni baba mkwe wa dada. Hatuonani."

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Akacheka, akapiga usukani. "Heshima gani hiyo ya kukimbiana kama kuku na mwewe?"

Nikamweleza. Nikamsimulia beseni la nguo, kikohozi, miaka sita. Nilikuwa nasimulia huku natabasamu, maana Ferista mwenyewe alipokuwa akiisimulia hadithi ya beseni alikuwa anaigiza mpaka kuruka kwake.

Ombeni alikuwa hacheki tena.

"Hata salamu?" akauliza.

"Hata salamu."

"Hata kupeana mkono?"

"Wakishikana mkono, ukoo mzima unakaa kikao."

Alinyoosha kidole akazima redio.

Tulipita Mpemba kimya, tukapita Isongole kimya. Nikadhani anamfikiria marehemu. Nikamwonea huruma, nikamshika bega. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, nilijiandaa kumwonyesha njia, maana zile njia panda zinachanganya. Kwenye ya pili alikata kushoto kabla sijafungua mdomo. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume mwenye akili ya njia.

Alisimamisha gari chini ya mji wa wakwe, mbali kidogo, karibu na migomba.

"Mimi nabaki na gari," akasema. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akalaza kiti. "Usikawie, Fides."

Hakusema Bibi Masjala.

Mama Restuta, mama mkwe wa dada, alinipokea kwenye jiko la nje. Ni jiko la mianzi lililokandikwa udongo, lakini udongo umebanduka upande mmoja na mianzi inaonyesha nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Wanakulisha nini huko mpakani, moshi wa malori?"

Tukalia kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha nikamwambia shida yangu. Akasikiliza, akatoka, nikasikia minong'ono, halafu nikasikia kikohozi kile cha trekta kikikaribia. Nikageukia mafiga. Kigoda kikawekwa upande wa pili wa ukuta. Mzee akakaa, ametupa mgongo, ametazama bondeni.

Mama Restuta akarudi, akakaa katikati yetu kwa namna ya kusema, upande huu mimi, upande ule ukuta.

"Sema," akaniambia.

Nikanong'ona. "Mwambie baba, polisi wana karatasi yenye dole gumba lake."

"Fides anasema polisi wana karatasi yenye dole gumba lako," akasema kwa sauti.

"Nimesikia," ikaja sauti ya nje. "Mimi siyo kiziwi."

"Anasema amesikia," akanifikishia.

"Mwambie naomba radhi kumsumbua."

"Anaomba radhi."

"Mwambie aache radhi, asome."

Nikafungua daftari, nikasoma kama nilivyonakili. Sauti yangu ni ndogo, lakini ukuta ule una matundu. Aliingia sebuleni kwangu. Alinisalimia kwa kunipa mkono. Tukaketi, tukanywa chai pamoja.

Nilipomaliza nikafunga daftari. Mama Restuta alisahau kufikisha. Kuku mmoja aliingia, akatutazama, akatoka.

"Restuta," mzee akaita.

"Abee."

"Muulize huyo mtoto. Aliyekunywa chai na mkamwana wake ni mimi?"

"Karatasi inasema ni wewe."

"Ilikuwa na sukari au haina?"

Mama Restuta akanigeukia, kabisa, akisubiri jibu.

"Haisemi," nikanong'ona.

"Haisemi," akafikisha.

Mzee akakohoa. Kikohozi hiki hakikuwa cha trekta.

"Mwambie hivi," akasema. "Asubuhi ile nilimsikia anafagia uwanja. Alikuwa anaimba chinichini, na aliacha kuimba niliponyanyuka, kama kawaida yake. Uji uliniletea wewe, ila aliupika yeye, maana wewe huweki ndimu. Saa nne nikashuka kwenye kahawa. Nikakohoa penye kona. Nikasubiri. Nikakohoa tena. Nikapita."

Nikasikia akikwaruza udongo kwa kiatu.

"Alikuwa amelala njiani. Miaka sita sijauona uso wake, siku hiyo nikauona. Sikuweza kumnyanyua, Restuta. Nilimpa mgongo, nikapiga kelele waje wanawake. Hata kama alikuwa bado na pumzi, mimi nilimpa mgongo. Mwambie hilo. Lakini chai sikunywa."

Mama Restuta hakufikisha neno. Alishika kona ya kanga yake, akaibana mdomoni. Mimi nilitaka kutoka nje nimshike yule mzee mikono yote miwili. Nikabaki nimekaa, nimetazama mafiga, kwa sababu ya heshima.

Baadaye kidogo nikakumbuka kilichonileta.

"Muulize, na dole?"

"Anauliza dole liliingiaje kwenye karatasi."

"Dole nimeweka mara moja tu mwaka huu," mzee akasema. "Karatasi ya mbolea ya ruzuku. Wiki ile ya msiba, wewe ulikuwa kwa jirani, mama Boazi, kurudisha masufuria. Alikuja kijana na gari. Akasema anaandikisha wakulima. Nikamwambia, mwanangu, hapa tuna msiba, tumezika juzi. Akasema, baba, hata wenye msiba wanalima. Nikaona anasema kweli. Nikaweka dole."

"Alikusomea?"

"Alinisomea. Mifuko mitatu ya kupandia, mitatu ya kukuzia. Mpaka leo haijafika."

Sasa nikaelewa. Maneno ya chai hayakutungwa na mtu wa milima hii. Yametungwa na mtu anayejua kuandika barua za kiofisi vizuri, lakini hajui kwamba mkamwana haingii sebuleni. Mtu huyo ndiye aliyepeleka karatasi kituoni, na mpelelezi mgeni akaipokea, na wote wawili hawakuona kosa.

"Muulize, alikuwa askari?"

"Hakuwa askari," mzee akajibu bila kusubiri mfikishaji. "Askari hawana viatu vizuri namna ile."

"Muulize kama akimwona atamtambua."

"Anauliza kama ukimwona..."

"Nimesikia."

Kigoda kililia. Nadhani alikuwa amenyanyuka. Akasema polepole kama mtu anayehesabu mbuzi wake kwa mbali.

"Mwambie hakuna haja ya kukumbuka. Ni yule pale, anayekojoa kwenye migomba yangu."

Mama Restuta, kwa mazoea, akanigeukia.

"Anasema ni yule pale, anayekojoa kwenye migomba yake."

Nikasogeza jicho kwenye mianzi. Bonde zima lilikuwa na mtu mmoja. Alikuwa amevaa kofia. Alijikung'uta, akafunga zipu, akatazama juu kwenye mji, akarudi kwenye Noah.

"Fides," mama Restuta akanong'ona, "yule ni nani?"

"Ni mchumba wangu."

Mama Restuta alichukua kuni moja iliyokuwa inaungua vizuri tu, akaisogeza, akairudisha palepale.

"Lala hapa," akasema.

"Mama yangu yuko peke yake nyumbani. Nikilala hapa, Ombeni anarudi Tunduma bila mimi, na atajua kwa nini sikurudi naye. Mama atamfungulia mlango. Anamwita mwanangu."

"Basi panda bodaboda."

"Iko wapi?"

Akafikiri. Bodaboda ya kijiji ilikuwa imekwenda mnadani.

Nje, mzee alikuwa amesikia yote. "Restuta, mwambie aende naye, lakini asionyeshe. Aseme mzee amekataa kuongea. Mimi alfajiri nateremka Itumba, napanda gari la kwanza. Kabla ya hiyo saa kumi yao nitakuwa kituoni. Nitamwambia afande aniletee wino, niweke dole langu la kweli. Na chai yake sinywi."

Honi ikalia bondeni mara mbili.

"Anasema..." mama Restuta akaanza.

"Nimesikia, mama," nikasema. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kama ukoo utalikalia kikao. Niligeukia ukuta, nikasema kwa sauti ya kusikika, bila kupitia kwa mtu, "Asante, baba."

Upande wa pili mzee akakohoa, taratibu sana, kunipa nafasi nipite.

Nikateremka kwenye gari. Njiani nilirudia sentensi yangu kama mtoto anayetumwa dukani. Mzee amekataa kuongea. Mzee amekataa kuongea. Sentensi ya maneno matatu, na mimi nina stashahada.

Ombeni alikuwa amenifungulia mlango. Aliponiona akatabasamu, akanifunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe.

"Umekawia. Amesemaje?"

Nikafungua mdomo. Nikaona mikono yake kwenye usukani, na viatu vyake kwenye pedali. Vilikuwa viatu vizuri kweli.

"Amesema mbolea haijafika," nikasema.

Ombeni aliitikia kwa kichwa. Alibonyeza kitufe, milango yote ikajifunga kwa pamoja, akawasha gari.

Hakuniuliza mbolea gani.